Siku za Tangi

Baada ya dua ya arobaini ya mume wangu, watu walipokwisha kula pilau na kuanza kuaga, Mama Sijali hakuaga. Alibaki amekaa juu ya mkeka chumbani kwangu, miguu ameinyoosha mbele kwa sababu magoti yake hayakunjiki tena, akingoja binti yangu amalize kukusanya masinia na atoke. Mlango ulipofungwa akanisogelea. "Mwajuma mdogo wangu," akasema, "sasa Kassimu ametangulia, Mungu amrehemu. Huna tena wa kumwonea haya. Niambie, yule mwanamke siku ile alikuwa nani?" Nilimwambia hapakuwa na mwanamke. Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyevunja kikombe akaficha vipande, akanipigapiga mkononi. "Haya, basi. Umemsitiri akiwa hai, msitiri na kaburini." Watoto wangu wameoa na kuolewa, wajukuu wanasoma, na mama huyu ameishi nyumba ya pili hapa Ng'ambo miaka yote hiyo akiamini kwamba nilimfumania mume wangu nikanyamaza. Nilikasirika, nisiseme uongo. Halafu nikaona siwezi kumlaumu sana, maana shaka ile tuliipika pamoja, yeye na mimi, mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, na aliyekuwa akichochea moto ni mimi.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili vya tofali za udongo. Mbele kulikuwa na kibanda cha bati alichofanyia kazi Kassimu, nyuma kulikuwa na uani. Yeye alikuwa fundi wa kulehemu: vibatari, karai, birika, ndoo za kumwagilia miche ya tumbaku, na kila kitu cha bati kilichovuja. Chumba cha kulala kilikuwa na dirisha moja la mbao lililotazama kibandani, kwa hiyo nikiwa nimekaa kitandani nasuka ukili nilisikia kila mteja na kila bei, na nani kaachwa na nani huko Kanyenye. Uani palikuwa na jiko langu la mkaa, pipa la maji, na uzio wa mabati makuukuu uliotutenga na Mama Sijali. Bati moja lilikuwa limeachia misumari, ukilivuta, unapita. Tulipita hapo kutwa, hasa kwa ajili ya moto. Wakati ule kiberiti hakikuchezewa. Ambaye jiko lake limekolea alimgawia jirani makaa mekundu kwenye kigae, na siku nyingine akagawiwa yeye. Mama Sijali aliuza vitumbua asubuhi, jiko lake likawaka kabla ya majiko yote ya mtaa, na moto wangu mwingi ulitoka kwake. Kila moto ulikuja na maneno yake.

Mimi ni mtu wa shaka, na sioni haya kusema. Nikiuziwa maziwa nauliza yamekamuliwa lini. Nikisifiwa nangoja kusikia ninaombwa nini. Sasa nikaolewa na mwanamume ambaye hakuwa mkali, hakunywa, hakupaza sauti, na hilo peke yake likaninyima usingizi. Miezi ya mwanzo nilikuwa namtazama akila mlenda wangu, anasifu, anaomba ugali zaidi, nami najiuliza ubaya wake ameuficha wapi. Hata leo, na ameshalala udongoni, najua wanawake watakaonielewa. Mtu akiwa mwema mno nyumbani, akili inatoka kwenda kumtafutia kosa nje.

Kisha zikaanza zile siku. Hazikuwa na mpangilio, zilikuja zinavyotaka. Asubuhi tukiwa tumekaa na chai, sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga iko katikati, Kassimu angesema bila kuinua macho, "Leo nenda Kanyenye kamwone mama mdogo wako. Hajakuona muda." Mama mdogo alikuwa ameniona juzi. "Rudi baada ya alasiri. Ila kabla hujaondoka nichemshie maji, sufuria kubwa." Maji yakishachemka, aliyatoa mwenyewe, akalimwagia jiko langu maji mpaka majivu yakawa tope, akakoroga kwa kijiti kuhakikisha hakuna kaa linalopumua. Mume gani anazima jiko la mkewe kwa mkono wake? Nikirudi nilikuta uani pamefagiwa na pamelowa, sufuria ya harusi yetu imesuguliwa na kuinamishwa juani, mche wa sabuni niliouacha mzima umebaki kipande cha kidole. Yeye ameoga mchana, amevaa shati safi, amechoka kama mtu aliyelima, na ni mpole kupita siku zote. Mara nyingine alikuwa ameninunulia asali. Maji ya moto, sabuni, mke ametumwa mbali, mlango wa uani umekomewa kwa ndani, na asali juu yake. Nani angehitaji kuelezwa? Kilichoniuma zaidi ni kwamba maji yenyewe nilichemsha mimi. Harufu ya petroli sikuitilia maanani, kwa sababu Kassimu alinuka petroli na tindikali hata siku ya Idi.

Siku moja nilikuwa nafunga kanga chumbani, tayari kwa safari ya Kanyenye, nikasikia sauti ya mwanamume nisiyemjua kibandani. "Mama ameondoka?" akauliza. Kassimu akamjibu kwa sauti ya chini, "Bado anavaa." Yule akauliza kama angoje. "Ngojea kule kwenye kona. Akishapita, zunguka uje kwa mlango wa nyuma." Mgeni akauliza tena, "Na jirani je?" "Jirani yuko sokoni. Huyo ndiye mwenye macho." Nilikaa kitandani, kanga mkononi. Kumbe kuna mtu wa kuleta na kuna mlango wa kupitishia. Nilikwenda Kanyenye siku ile kwa sababu miguu ilikuwa imeshazoea kutumwa, nikala muhogo wa mama mdogo bila kuonja ladha yake, na niliporudi nikakuta asali.

Kesho yake Mama Sijali aliponiletea moto nilimwambia yote. Aliweka kigae chini, akachuchumaa, akaniuliza maswali ya polisi. "Maji ya moto mchana?" akasema. "Kassimu anaoga ya baridi hata kipupwe, namsikia hapa akitetemeka mpaka namwonea huruma. Hayo si maji yake." Nikamwuliza anadhani ni nani. Akataja mjane mmoja wa huko stesheni, akamtoa, akataja mwalimu mmoja, akamtoa pia, akasema anayeletwa na dalali kwa mlango wa nyuma hawezi kuwa mtu wa mtaa huu. "Akikutuma tena," akasema, "kubali kwa adabu. Lakini usifike Kanyenye." Nilimkubalia. Usiku wa jana yake nilikuwa nimeshakata shauri langu mwenyewe, nalo sikumwambia. Sanduku langu la bati lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa. Nikiona mwanamke, hata kivuli chake, napanda treni narudi kwetu Igalula, na mtu asije kunibembeleza. Nilikuwa nampenda, na ndiyo maana nilikuwa na haraka ya kuondoka.

Haikuchukua muda. Ulikuwa msimu wa tumbaku kusafirishwa, malori ya Goweko yanapita yameinama kwa mizigo, na asubuhi moja Kassimu akasema mama mdogo amenikumbuka. Nikachemsha maji. Nikaaga. Nikafika kwa fundi cherehani kwenye kona, nikakaa barazani kwake nyuma ya nguo zilizotundikwa, kikapu mapajani. Punde nikaona mwanamume mwenye kofia ya dereva anasukuma mkokoteni, juu yake kuna kitu kikubwa kimefunikwa turubai, anazunguka kwenye kichochoro chetu. Nikasema moyoni, alaa, leo anahamia kabisa, na mizigo yake. Baadaye yule dereva akatoka, mkokoteni mtupu, akaenda zake. Hakutoka na mtu. Nikainuka.

Nilipita uani kwa Mama Sijali. Palikuwa kimya na nikaamini yuko sokoni. Nikalivuta lile bati, nikainama, nikaingia kwangu. Nikamkuta mume wangu amepiga magoti katikati ya uani, kifua wazi, jasho linamtiririka, amelikumbatia tangi la lori kwa mikono miwili, shavu ameliegemeza kwenye chuma, analitikisa huku na huku taratibu. Ndani maji yalikuwa yanachapa. Mvuke unatoka kwenye mdomo wa tangi, povu la sabuni limetapakaa chini, na harufu ya petroli ilikuwa nzito mpaka macho yakawasha. Nilitafuta mwanamke. Nilitazama nyuma ya pipa, na nyuma ya mlango wa choo pia. Kassimu aliinua kichwa akaniona, na wala hakuona haya wala hakukasirika. Aliogopa. Sijawahi kumwona mtu mzima ameogopa vile. Akaniuliza kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayezungumza na nyoka, "Una moto?"

"Moto gani?"

"Kiberiti. Kibatari. Chochote. Una moto?"

Kabla sijajibu, nikasikia bati nyuma yangu linavutwa. "Hodi jamani, Mwajuma, nimekuletea moto." Mama Sijali hakuwa amekwenda sokoni. Alikuwa amemwachia mdogo wake vitumbua, akalipalilia jiko lake ndani ili awe na sababu ya kuingia kwangu wakati wa fumanizi, na sasa alikuwa ameinama kwenye tundu la uzio, kigae kimetangulia, makaa mekundu yamekolea. Sikujua bado kwa nini Kassimu ameogopa. Nilijua tu kwamba nimeona uso wake na nimesikia neno moto mara mbili. Nilimrukia Mama Sijali. Nilimsukuma kwa mikono yote miwili akarudi nyuma kwake, akaanguka kwa makalio, makaa yakamwagika upande wake wa uzio, mengine yakaangukia kanga yake. Nikalivuta bati, nikaliegemea kwa mgongo. Nikamsikia anajipangusa, anahema, halafu akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyeridhika, "Kumbe kweli yupo."

Kassimu alikaa chini kwenye tope la sabuni, mikono juu ya magoti, akaniambia nimwambie jirani azime makaa yake yote kwa maji, sasa hivi. Nikamwambia kupitia tundu la bati. Akazima, ananung'unika kwamba watu wengine hawana shukurani. Kisha Kassimu akamwagia uani pote maji ya pipa, akafungua mlango wa kichochoro upepo upite, akanichukua mkono tukaenda kukaa kibandani mbele. Sahani ya michembe ya asubuhi ilikuwa pale, imekauka. Akaanza kula, nadhani ili mikono yake ipate kazi.

"Kaka yangu Ramadhani alikuwa fundi kunishinda," akasema. Nilijua alikuwa na kaka aliyefariki. Nilikuwa nimeambiwa ni ajali. "Aliletewa tangi tupu, limekaa juani. Mwenye tangi akamwambia ni la dizeli, halina neno. Kaka akalitikisa, halina hata tone. Akalitia moto wa kuchomelea. Mkewe alikuwa pembeni anapepeta mchele."

"Ikawaje?"

"Tuliwazika pamoja."

Aliniambia kwamba watu huliogopa tangi lililojaa, na lililojaa si lenye hila. Tupu ndilo baya. Mafuta yanatoka, mvuke wake unabaki umejificha kwenye kutu na kwenye pembe, huuoni, unangoja cheche moja. Hata la dizeli. Na huwezi kujua mtu alitia nini humo kabla hajakuletea. Hili la leo aliambiwa ni dizeli na limejaa harufu ya petroli. Ndiyo maana alizima jiko langu, akangoja jirani atoke, akanituma Kanyenye. Nikamwuliza kwa nini hakusema tu. Akafikiri. "Mzee aliyetufundisha alitukataza. Alisema siku ya tangi mke asijue. Akijua, atakaa huko aliko anakuwaza, na wewe utahisi mkono umeshikwa."

Nilikasirika kuliko ambavyo ningekasirika kumkuta na mwanamke. Mwanamke ningemwachia, nikapanda treni. "Kwa hiyo ungelipuka," nikamwambia, "mimi niko Kanyenye nakula muhogo." Akasema ndiyo. "Na asali ilikuwa ya nini?" Akasema kila akimaliza salama alikuwa na furaha, akaona asinywe furaha peke yake. Nikamwambia simjui mzee wake, wala sijaolewa naye. Nikamwambia sitoki tena nyumba hii siku ya tangi, na kama hataki, lile sanduku chini ya kitanda limeshafungwa. Alikuwa hajui habari ya sanduku. Akawa anamenya karanga bila kuzila. Mwishowe akasema, "Basi ukae na kazi. Wewe huamini kitu. Mimi nimeshazoea kazi hii, na aliyezoea ndiye anayekufa. Nataka mtu asiyeamini."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Kwanza mafuta yote yanamiminwa mbali na nyumba, na tundu linaondolewa sabuni, maana madereva wa vijijini huziba tangi linalovuja kwa kulisugulia sabuni kavu, na wanafika mjini hivyo. Kisha maji ya moto na sabuni ya unga, vifuniko wazi, kutikisa, kumwaga, kurudia tena na tena. Maji ya kuongeza tuliyachemsha ng'ambo ya barabara, upande ambao upepo hauji kwetu, na huko huko ndiko ilikopashwa moto shaba ya kulehemia, ile ya kuyeyushia risasi ya kuzibia tundu. Hakuna mwali uliovuka barabara. Kutu ilisuguliwa kwa msasa ikiwa imelowa. Halafu mimi niliitwa kunusa, kwa mbali, nikitokea nje kwenye hewa safi, kwa kuwa pua ya mtu aliyekuwa analiosha imeshachoka na haisikii. Hata niliposema tayari, Kassimu hakuniamini peke yangu, na nilimpendea hilo. Alililaza tangi tundu likae juu, akalijaza maji mpaka karibu kabisa na tundu, vifuniko akaviacha wazi, ndipo akapaka tindikali na kuleta shaba na risasi. Pasipo na nafasi, mvuke hauna pa kukaa. Mama Sijali aliambiwa yote hayo. Alitikisa kichwa akasema sawa, na macho yake yakasema mengine.

Tangi la kwanza tulilofanya pamoja lilikuwa la mashine ya kusaga, kutoka Igalula. Mwenye mashine alikuwa mtu wa haraka, amekuja na treni na anataka kurudi nalo siku ile ile, akakaa kibandani akipiga mguu chini. Kassimu akaosha, akaniita. Nikatoka, nikavuta hewa, nikarudi, nikainama. "Bado," nikasema. Akalimwaga, akaanza upya. Mara ya pili harufu ilikuwa imefifia lakini ipo, nikasema bado. Mwenye mashine akaja mpaka mlango wa uani. "Mzee, tangi hili limeshaoshwa kuliko sahani za kwangu," akasema. "Unamsikiliza mama mpaka lini?" Kassimu alikuwa anavuka barabara na sufuria.

Mara ya tatu nikainama na sikusikia kitu. Chuma kilichooshwa, basi. Nilikaa pale nimeinama zaidi ya kiasi, na ile shaka yangu, ambayo siku zote ilikuwa inatafuta mahali pa kutua, ikanijia. Mtu huyu aliyenificha jambo zito mwaka mzima, ananisikiliza kweli, au ananipa kazi ya mtoto ili ninyamaze na nisifungue sanduku? Nikajinyoosha. "Bado," nikasema. Mwenye mashine akaguna. Kassimu akanitazama mara moja tu, akalishika tangi, akaliinamisha, maji yakamwagika yote, akachukua sufuria akavuka barabara kwenda kuchochea moto. Alirudia yote: sabuni, kutikisa, kumwaga, kusuuza. Mgongo ulikuwa unamuuma, niliona. Nilipoitwa tena nikasema tayari.

Alilehemu, risasi ikatanda na kung'aa, mwenye mashine akaondoka na tangi lake akilalamika mpaka kwenye kona. Tulibaki uani tunafagia maji. Kassimu alikuwa anafuta shaba yake kwa kitambaa, amenipa mgongo.

"Ile mara ya tatu," akasema, "halikuwa na harufu."

Nikaacha kufagia. "Umejuaje?"

"Nilitoka nje nikavuta hewa, nikanusa kabla yako."

"Sasa mbona ulilimwaga?"

Akageuka. Alionekana kushangazwa na swali.

"Ulisema bado."